Barua kwa Mhariri: Gari lipimwe kwanza, nozeli zioshwe baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie huduma iliyoenea sana siku hizi katika gereji za jiji letu la Mwanza, kuanzia Igoma na Nyakato hadi Mkolani na Buhongwa, nayo ni kuosha nozeli za magari ya petroli, yaani vile vifaa vidogo vinavyorusha mafuta kwenye injini, kwa ahadi kwamba gari litarudia ulaji wake wa zamani wa mafuta. Huduma yenyewe si utapeli, na ikifanywa na fundi mwenye vifaa na anayejua anachokitafuta huleta nafuu ya kweli. Ninacholalamikia ni namna inavyouzwa: mwenye gari anasema tu kwamba gari lake linakula mafuta, na kabla hajamaliza maelezo nozeli zimekwishafunguliwa, bila mtu yeyote kupima chochote kabla wala baada ya kazi.

Kazi yangu ni kutunza daftari la mafuta la magari machache ya biashara yanayokwenda Magu, Misungwi na Sengerema, kwa hiyo jambo hili nalitazama kwa jicho la mtu wa hesabu kuliko la fundi, ingawa kwa kukaa gereji nikisubiri magari nimelazimika kujifunza mengi ya ufundi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, inapotangaza bei kikomo za mafuta, sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua kwamba ya kwetu itakuwa juu ya ile ya Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta husafirishwa mamia ya kilomita kutoka bandarini hadi kutufikia. Mtu anayenunua lita kwa bei hiyo ana kila sababu ya kutafuta namna ya kubana matumizi, na ndiyo maana ni rahisi kumuuzia matumaini.

Magari mengi tunayoyaendesha, yakiwemo IST, Spacio, Premio na Noah zilizokwishatumika Japani kabla ya kufika kwetu, hayana kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli. Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli hadi kwenye reli ya mafuta kwa mgandamizo wa takriban baa 3, na kila silinda ina nozeli yake inayofunguka na kufunga kwa amri ya kompyuta. Kila inapofunguka hukaa wazi kwa milisekunde chache tu, na katika muda huo inapaswa kurusha petroli ikiwa ukungu mwembamba ulioenea sawasawa, si matone wala mchirizi. Vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba utando mwembamba wa uchafu unatosha kuharibu umbo la ukungu huo.

Uchafu wenyewe hautokani na vumbi la barabarani, kama wengi wanavyodhani. Gari likizimwa wakati injini ina moto, joto huendelea kupanda kwa muda kwa sababu maji ya rejeta hayazunguki tena, na ile petroli kidogo iliyobaki kwenye ncha ya nozeli hukauka: sehemu nyepesi huruka, sehemu nzito hubaki na kuganda kama vanishi. Kwa sababu hiyo gari la safari fupi fupi, la kutoka Pasiansi kwenda Kirumba, kisha mjini kati, kisha shuleni kuchukua watoto, huzimwa na kuwashwa mara nyingi na kuziba nozeli upesi kuliko gari linalokwenda Musoma na kurudi.

Sasa, nozeli iliyoziba hutoa mafuta pungufu. Iweje basi gari litumie mafuta zaidi? Swali hili nimewauliza mafundi wengi, na wachache sana wamenijibu ipasavyo, ilhali jibu lake ndilo linaloonyesha ni gari gani litanufaika na kuoshwa na ni lipi halitanufaika. Kompyuta ya gari hulenga mchanganyiko wa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, na hujua kama imefanikiwa kwa kusoma sensa ya oksijeni iliyopo kwenye bomba la moshi. Sensa hiyo haiioni silinda moja moja. Husoma moshi wa silinda zote ukiwa umechanganyika. Nozeli moja ikitoa mafuta pungufu, silinda yake hubaki na oksijeni nyingi isiyotumika, sensa huripoti kwamba petroli haitoshi, na kompyuta huongeza muda wa kufunguka kwa nozeli zote nne. Ni kama mwalimu anayelichapa darasa zima kwa kosa la mwanafunzi mmoja: silinda iliyokuwa na njaa hupata nafuu kidogo, na zile tatu zilizokuwa salama hupewa petroli zisiyoihitaji. Dereva naye, akiona nguvu zimepungua katika mlima wa Bugando au ule wa Isamilo, hukanyaga zaidi, na hasara ikaongezeka.

Ipo pia nozeli ya aina ya pili, ambayo haikuziba bali haifungi vizuri na inadondosha petroli hata inapopaswa kuwa imefunga. Hii ni mbaya zaidi. Gari huwaka kwa shida asubuhi, moshi hunuka petroli, plagi huwa nyeusi, na petroli inayopenya pembeni mwa pistoni huiosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia katika oili ya injini. Likiachwa hivyo kwa muda mrefu, hata masega ya kusafisha moshi yaliyo kwenye bomba lake huungua. Kuosha kunaweza kusaidia ikiwa kinachozuia nozeli kufunga ni uchafu. Ikiwa ncha yake imelika, hakuna dawa itakayoirudisha, na fundi mwaminifu atasema wazi kwamba inahitajika nyingine.

Njia za kuosha hazilingani, ingawa wateja hutajiwa jina moja tu. Ya kwanza ni dawa ya kumimina kwenye tangi. Dawa zenye kemikali iitwayo polietha-amini zina uwezo wa kuyeyusha utando wa vanishi polepole kadiri petroli inavyotumika, na kwa gari ambalo halijaharibika sana ndiyo njia ya bei nafuu ya kuanzia. Huko Marekani petroli yote imelazimika kuwa na viambato vya kuzuia utando tangu mwaka 1995, na mwaka 2004 baadhi ya watengenezaji wa magari, wakiwemo Toyota na Honda, waliweka kiwango cha juu zaidi cha hiari kwa sababu waliona kile cha sheria hakitoshi. Njia ya pili ni kuziosha zikiwa kwenye gari: pampu ya mafuta huzimwa, mtungi wenye dawa yenye mgandamizo huunganishwa kwenye reli, na injini huunguruma kwa kutumia dawa hiyo badala ya petroli. Hiyo hufanya kazi haraka kuliko ya tangini, lakini haimwonyeshi mtu yeyote kama nozeli zote sasa zinatoa kiasi sawa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiamini. Nozeli hutolewa, huwekwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti huku zikifunguliwa na kufungwa kwa umeme, kisha hufungwa kwenye mashine ya kupimia yenye vioo vilivyochorwa mistari ya mililita. Hapo mwenye gari hujionea kwa macho yake kwamba nozeli ya kwanza imetoa kiasi hiki, ya tatu kiasi hiki, na kwamba ukungu wa ile ya nne umeinama upande mmoja. Vichujio vidogo vilivyo ndani ya mlango wa nozeli hubadilishwa, pamoja na mipira yake ya kuzuia mvujo. Kuhusu mipira hiyo sitaki kupita haraka, kwa sababu nimeona ile ya zamani ikirudishwa kwa kupakwa oili tu. Mpira uliokauka chini ya mgandamizo wa baa 3, juu ya injini yenye moto, ni ajali inayosubiri siku yake, na gharama ya mipira mipya ni ndogo mno ikilinganishwa na gari kuungua. Vivyo hivyo, kabla ya kufungua reli ni lazima mgandamizo uondolewe kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuacha injini ijizime, betri itenganishwe, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Katika gereji nyingi za chini ya mwembe hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanyika.

Kuna na njia ya nne, ambayo sijui niipe jina gani. Nozeli huchokolewa kwa waya, hupulizwa kwa kompresa, au huunganishwa moja kwa moja na betri ya gari ili zibaki wazi wakati zinapuliziwa dawa. Waya hukwaruza kitundu, na nozeli iliyokwaruzwa haitarusha tena ukungu kama inavyopaswa. Koili ya ndani imeundwa kupokea umeme kwa milisekunde, si kwa dakika nzima, na kuiacha kwenye betri huiunguza. Gari hutoka pale likiwa na hitilafu ambayo halikuja nayo.

Narudi kwenye hoja yangu kuu. Gari moja tunalolitunza lilianza kula mafuta kupita kawaida, likapelekwa kwenye gereji ambayo sitaitaja, likaoshwa nozeli, na ulaji haukubadilika. Likaoshwa tena kwingine. Hatimaye kijana mmoja aliyekuwa na mashine ya kusoma kompyuta aligundua kwamba injini haikuwa ikifikia joto lake la kawaida, kwa sababu kuna fundi wa zamani aliyeitoa temostati, yaani kile kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke kabla injini haijapata moto. Wasomaji wengi watakuwa wanaufahamu mtindo huu: gari likichemsha mara moja, temostati inatupwa na mteja anaambiwa kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Lakini Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zetu zina ubaridi, na kompyuta inayosoma maji ya baridi huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, hata kama limekwishavuka Nyakato na linakaribia Kisesa. Temostati mpya ilirudishwa, na daftari likaanza kusoma vingine. Nozeli hazikuwa na kosa lolote.

Sababu nyingine zinazofanana na nozeli chafu ni nyingi. Breki inayobana gurudumu, plagi zilizochakaa, sensa ya oksijeni iliyochoka, tairi zisizo na upepo wa kutosha. Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, kila upungufu wa psi 1 katika wastani wa upepo wa tairi zote hupunguza umbali kwa lita kwa takriban asilimia 0.2, na gari ambalo injini yake haijarekebishwa ipasavyo likitengenezwa hurudisha kwa wastani takriban asilimia 4, wakati hitilafu kubwa kama ya sensa ya oksijeni inaweza kurudisha hadi asilimia 40. Tofauti hiyo ya 4 na 40 ndiyo inayotakiwa kumfanya mtu ahoji kwanza gari lake linaumwa nini. Chujio la hewa chafu, ambalo kila mtu hulitupia lawama, katika magari yenye kompyuta hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji, kwa kuwa kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli ilingane nayo.

Yapo pia magari ambayo kwa asili yake huduma hii huyasaidia kwa sehemu tu. Baadhi ya Premio na Noah zina injini za D-4, ambazo nozeli zake hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa mara nyingi kuliko ule niliotaja. Katika injini hizo petroli haipiti kamwe juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi hujijenga pale, na hakuna dawa ya tangini itakayoyafikia. Nozeli zake pia hazifai kupimwa kwenye mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya nozeli za kawaida. Mwenye gari la namna hiyo aulize mapema kama gereji ina vifaa vyake, na akijibiwa kwamba nozeli ni nozeli, aondoke.

Siwezi kuacha kutaja mafuta yenyewe. Nchi yetu ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubaini yaliyochakachuliwa, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya kusiwe na faida. Pamoja na hayo, bado nakutana na madereva wanaomimina mafuta ya taa kidogo kwenye tangi la petroli kwa imani kwamba yanasafisha nozeli. Hayasafishi, hupunguza uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo, injini ikagonga, na masizi yakaongezeka. Kwetu huku ziwani kuna na hili la ziada: petroli iliyobaki kwenye madumu ya mitumbwi, ikiwa imekwishachanganywa na oili kwa ajili ya injini za kupachika, hurudi mjini kutoka mwaloni na kuishia kwenye gari la mtu. Kwa injini ya mtumbwi mchanganyiko huo ni sahihi kabisa, lakini kwenye gari huchafua plagi na sensa ya oksijeni, kisha nozeli zikasingiziwa.

Namna ya kupima haihitaji mashine. Jaza tangi hadi bomba la kituo likate lenyewe, andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi, endesha kama kawaida hadi utumie sehemu kubwa ya tangi, kisha jaza tena katika kituo kilekile na ikiwezekana pampu ileile, na ugawe kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Gari lililotembea kilomita 420 na kupokea lita 35 limekwenda kilomita 12 kwa lita. Anayejaza mafuta ya shilingi elfu kumi kila asubuhi hawezi kupata hesabu hii, na kwa kweli hawezi kujua kama gari lake linakula mafuta au ni foleni tu ndiyo inayoyala. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, magari yetu ya Sengerema yameonyesha nafuu katika daftari ambayo haina uhusiano wowote na gereji, kwa sababu hayaungurumi tena kwenye foleni ya kivuko. Kama yangekuwa yameoshwa nozeli wiki hiyohiyo, sifa zote zingekwenda kwa dawa.

Baada ya hesabu hiyo ndipo mashine ya kusoma kompyuta ihitajike. Fundi aangalie joto la injini, aangalie namba za hitilafu, hasa zile za kundi la P0300 zinazoonyesha silinda inayomisi na ile ya P0171 inayoonyesha petroli haitoshi, na aangalie kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa kiasi gani. Ikiwa muda wote inaongeza kwa zaidi ya asilimia 10, hewa haivuji popote na mgandamizo wa pampu ni mzuri, hapo nozeli zinastahili kushukiwa na fedha ya kuziosha haitapotea.

Ombi langu kwa wenye gereji, na kwa VETA inayowafundisha vijana wetu kazi hii, ni kwamba karatasi ya vipimo iwe sehemu ya huduma: kiasi kilichotolewa na kila nozeli kabla ya kuoshwa, kiasi kilichotolewa baada ya kuoshwa, mipira na vichujio vilivyobadilishwa, na joto la injini lililosomwa siku hiyo. Gereji yenye beseni na mashine ya kupimia haitapata shida yoyote kuijaza, maana takwimu zote zipo mbele ya fundi wakati anafanya kazi. Kwa upande wangu, magari ninayoyasimamia hayapelekwi tena kuoshwa nozeli mahali ambapo karatasi hiyo haitolewi, na malipo ya kazi hiyo siyaidhinishi hadi niwe nimeibandika kwenye daftari.

Wako,
Mtunza daftari la mafuta,
Nyakato, Mwanza.